Tutazame Nini, Tusikilize Nini, Tule Wapi?



Tunapovitembelea vikundi huku Timboroa, na vile vya kuelekea Burnt Forest na Ainabkoi, tumeona jambo moja. Mkutano ukishafungwa, mweka hazina akishahesabu pesa na kufunga sanduku, ndipo maswali mengine yanaanza. Vijana wanauliza ni filamu gani inafaa kuonyeshwa siku ya kikundi. Akina mama wanauliza ni kipindi gani cha redio ambacho mtu anaweza kusikiliza akipika na asione amepoteza wakati. Naye katibu anauliza: "Tukienda ziara ya mafunzo Eldoret, tutakula wapi ndio tusirudi tukiumwa na tumbo?"

Kuna watu wanaosema ati haya ni maswali ya starehe, hayahusu maendeleo. Sisi tunaona yanahusu sana. Jioni za huku kwetu ni za baridi na watu huingia ndani mapema. Saa hizo mbili au tatu kabla ya kulala, redio inaongea, simu inawaka, na vijana wako kwenye video pale sokoni. Hiyo ni shule, na inafunguliwa kila siku. Semina yetu ni mara moja kwa mwezi.

Tena sisi watu wa sehemu hii tuna sababu ya kuwa waangalifu. Tulipitia mapigano ya 1992 na ya 1997, halafu yale ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliyoendelea mpaka 2008. Tume ya Jaji Waki ilipotoa ripoti yake mnamo Oktoba 2008, ilitaja pia matangazo ya baadhi ya redio za lugha za mama kati ya mambo yaliyochochea chuki. Kwa hiyo tunajua kwamba kitu kinachoingia kwa masikio jioni kinaweza kutoka kwa mikono asubuhi.

KUPENDEKEZA NI KAMA KUDHAMINI

Katika kikundi, mtu akiomba mkopo lazima apate wadhamini. Mdhamini anajua kwamba mkopo usipolipwa, yeye ataulizwa. Kupendekeza filamu au hoteli ni vivyo hivyo. Unaweka jina lako pale. Wenzako wakitoka wakiwa na hasira, au wakiumwa na tumbo, watakumbuka ni nani aliyewaambia.

Kwa hiyo kabla hatujapendekeza kitu tunajiuliza maswali matatu:

1. Je, jirani wa kabila lingine anaweza kukaa hapa karibu nasi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuona aibu na bila kuhisi anachekwa?

2. Kikishaisha, tutakuwa na jambo la kuzungumza, ama kila mtu ataenda kwake tu?

3. Kinagharimu nini? Pesa, saa, na amani ya nyumbani.

Swali la kwanza ndilo kubwa. Hayo mengine yanalifuata. Sasa tuone mapendekezo yenyewe.

REDIO NA VIPINDI VYA KWENYE SIMU

Michezo ya redio yenye mafunzo si jambo geni. Wale wa umri wetu wanakumbuka Ushikwapo Shikamana, mchezo wa redio ulioanza miaka ya 1980. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na Twende na Wakati, ulioanza kutangazwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Ndani yake kulikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliyekuwa na wanawake njiani, na mkewe Tunu, aliyelazimika kuamua maisha yake mwenyewe.

Mchezo huu una somo kwetu. Kwa miaka miwili ya kwanza, sehemu ya Dodoma haikuupata kwa sababu kituo cha huko kilikuwa na vipindi vyake. Wataalamu wakapata nafasi ya kulinganisha waliousikiliza na wale ambao hawakuusikiliza. Waliona kwamba wasikilizaji walibadilisha mwenendo wao kuhusu Ukimwi na uzazi kuliko wengine, na kwamba walizungumza zaidi na wenzi wao na marafiki juu ya mambo hayo. Yaani redio ilianzisha, lakini mazungumzo ya nyumbani ndiyo yaliyomaliza kazi. Ndiyo maana tunasema: msisikilize peke yenu.

Siku hizi kuna vipindi vya kupakua kwenye simu, vinavyoitwa podikasti. Ni kipindi cha redio tu, ila unakisikiliza saa unayotaka wewe, na unaweza kukisimamisha mtoto akilia. Kwa Kiswahili tunapendekeza viwili:

Cha kwanza ni Noa Bongo! Jenga Maisha Yako, michezo ya redio ambayo idhaa ya Ujerumani, DW, ilianza kuitoa mwaka 2008. Inahusu vijana: kazi, afya, siasa, maisha ya ndoa. Inafaa sana kwa vikundi vya vijana kwa sababu kila hadithi imegawanywa vipande vifupi.

Cha pili ni habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili. Ni fupi, na kinakuonyesha kwamba shida ya mbegu au ya maji si ya Timboroa peke yake.

Ushauri wetu kuhusu gharama: mmoja wenu akienda Eldoret mahali penye intaneti ya bure, apakue vipindi kadhaa aviweke kwenye memori kadi. Mkirudi, simu moja na spika ndogo zinatosha watu 20. Hakuna haja kila mtu anunue bando lake.

TELEVISHENI

Cha kwanza tunapendekeza Shamba Shape Up. Kilianza mwaka 2012, na kinatolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Watangazaji na wataalamu wanaenda kwa mkulima wa kweli, mwenye shamba dogo kama letu, wanapima udongo, wanaangalia ng'ombe na banda la kuku, kisha wanatengeneza pamoja naye. Tunakipenda kwa sababu mkulima anaonekana na shida zake zote, na hakuna anayemcheka. Vipindi vya zamani vinapatikana kwenye YouTube. Lakini kumbukeni: dawa au mbegu iliyoonyeshwa kule Machakos au Kisii si lazima ifae huku kwa baridi yetu. Muulizeni afisa wa kilimo kabla ya kutoa pesa.

Cha pili ni The Team, mchezo ulioanza kuonyeshwa mwaka 2009, mara tu baada ya yale machafuko. Ni hadithi ya timu ya mpira yenye vijana wa makabila mbalimbali. Wakibaguana, hawapitishi mpira, na wasipopitisha mpira, wanafungwa. Hadithi ni rahisi hivyo, na hata mtoto anaielewa. Wale walioitengeneza hawakuishia kwa televisheni. Walizunguka na skrini wakaionyesha katika sehemu zilizoumia, na baada ya kuonyesha watu walizungumza. Kikundi cha vijana wenye timu ya mpira hakitakosa la kusema hapa.

Je, vichekesho? Wengi wetu tumekulia na Vioja Mahakamani na Vitimbi, na wengi tulihuzunika Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015. Kicheko ni dawa, na hatusemi watu waache kucheka. Ila tunajua kwamba vichekesho vingi vya Kenya vinatumia matamshi ya makabila kuchekesha watu. Kwa nyumba ya kabila moja, hiyo ni utani. Kwa kikundi chenye watu mchanganyiko, mwangalieni yule anayecheka kwa mdomo tu. Swali letu la kwanza linafanya kazi hapo.

FILAMU TATU

Ya kwanza ni The First Grader, ya mwaka 2010. Hii tunaiweka mbele kwa sababu ni habari ya hapa kwetu. Serikali ilipoondoa karo za shule za msingi mwaka 2003, mzee Kimani Maruge alisema na yeye pia ni mwananchi. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Guinness ilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi duniani kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza akaenda New York kuwaambia viongozi wa dunia kuhusu elimu. Katika filamu, Oliver Litondo ndiye anayeigiza kama Maruge.

Kikundi chenye wanachama wasiojua kusoma kitapata nguvu sana hapa. Kuna akina mama ambao wanaweka kidole gumba kwa daftari la mkopo bila kujua kilichoandikwa. Baada ya filamu hii waulizeni: "Kwa nini si wewe?" Pia waelezeni habari ya mwisho wa maisha yake. Mwaka 2008 Maruge mwenyewe alifukuzwa na machafuko, akaishi katika hema la wakimbizi hapo Eldoret, na akaendelea kwenda shule kutoka kwa hema hilo. Baadaye alihamia Nairobi, akafariki Agosti 2009. Angalieni tu kwamba filamu ina sehemu za mateso ya wakati wa Mau Mau, na uhasama wa makabila pia umo. Watoto wadogo wasiwepo.

Ya pili ni Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ni habari ya Jo, msichana mdogo mgonjwa ambaye hatapona, na ndoto yake ni kuwa shujaa wa filamu. Mama anataka kumfungia ndani apumzike, dada yake anataka acheze. Mwishowe kijiji kizima kinaungana kumtengenezea Jo filamu yake. Wahusika wanaongea Kiswahili kwa wingi, kwa hivyo hata nyanya atafuata. Inafaa kwa vikundi vinavyowatunza wagonjwa na mayatima. Swali lake ni hili: mgonjwa wetu tunampa dawa tu, ama tunampa pia furaha? Bebeni leso, mtalia.

Ya tatu ni Something Necessary, ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Judy Kibinge. Hii tunaipendekeza kwa uangalifu. Anne amempoteza mume wake katika machafuko ya uchaguzi na shamba lake limechomwa. Joseph ni kijana aliyekuwa katika lile genge, na sasa dhamiri haimpi usingizi. Filamu inauliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kurudisha chochote, na kama aliyeumizwa analazimika kukipokea. Haikupi jibu rahisi.

Msiionyeshe kwa umati wa watu sokoni. Msiionyeshe kama kikundi hakijawahi kuzungumza habari za 2008. Kuna wengine kati yetu ambao mpaka leo moshi wa shamba la jirani unawatoa jasho. Waambieni watu mapema filamu inahusu nini, na kila mmoja awe na ruhusa ya kutokuja au kutoka nje bila kuulizwa. Marehemu Askofu Cornelius Korir, ambaye alipokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa kanisa kuu la Eldoret mwaka 2008, aliandika mwaka 2009 kitabu kiitwacho Amani Mashinani. Humo anaeleza jinsi mikutano midogo midogo inavyotangulia ile mikubwa. Njia hiyo inafaa hapa pia: watu wachache kwanza, wanaoaminiana.

JINSI YA KUONYESHA

Si lazima mwe na projekta. Televisheni ya mwanachama mmoja na watu 15 zinatosha. Fanyeni hivi:

Kwanza, watu wawili waitazame filamu yote kabla. Hao ndio wadhamini.

Pili, angalieni alama ya umri. Bodi ya serikali inayokagua filamu, KFCB, huweka alama: GE ni ya watu wote, PG ni watoto wakiwa na wazazi, halafu 16 na 18. Na mkitaka kuonyesha kwa umma au kutoza kiingilio, mnahitaji leseni. Ulizeni kabla, msije mkapoteza vyombo vyenu.

Tatu, tafuteni msimulizi. Sote tunamjua DJ Afro, aliyejulikana nchi nzima kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nanyi mnaweza kumteua mwenzenu anayejua Kiingereza, asimamishe filamu mara kwa mara na kueleza kwa ufupi kilichosemwa. Atumie Kiswahili. Akitumia lugha ya mama ya upande mmoja tu, upande mwingine utajiona wageni.

Nne, acheni nusu saa ya kuzungumza, kabla ya chai. Wale waliopitia kozi za DELTA wanajua njia hii: Tumeona nini? Jambo hili linatokea hapa kwetu? Linaletwa na nini? Tutafanya nini? Msianze na swali la mwisho. Na mwenyekiti asiwe wa kwanza kujibu.

Kuhusu pesa, hebu tufanye hesabu pamoja. Vijana 20, kila mmoja akitumia shilingi 50 kwa wiki kwenye video, ni shilingi 1,000 kwa wiki. Kwa mwaka ni shilingi 52,000. Hatusemi waache kutazama. Lakini wakitazama pamoja nyumbani kwa mwanachama, na nusu ya pesa hizo iende kwa sanduku la kikundi, mwisho wa mwaka wana 26,000 za kununulia mbegu ya viazi au kondoo.

MAHALI PA KULA

Hatutataja hoteli kwa jina, kwa sababu mpishi mzuri anaweza kuhama kesho. Tutawapa macho ya kuchagua.

Timboroa iko juu zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Kituo chetu cha reli kinajulikana kwa urefu huo. Sasa, mahali palipo juu hivi, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Ndiyo maana githeri inachelewa kuiva na kuni zinaisha. Kwa hivyo:

Maji ya kunywa: wataalamu wa afya wanashauri kwamba mahali palipo juu ya mita 2,000 maji yachemke kabisa kwa dakika 3, wakati huko chini dakika moja inatosha. Ulizeni kwa adabu maji ya mezani yamechemshwa vipi. Mkiona wasiwasi, agizeni chai ya moto.

Maharagwe na githeri: yawe laini kabisa. Maharagwe mekundu ambayo hayajaiva vizuri yanaweza kutapisha watu. Hoteli nzuri huyaloweka usiku kucha au hutumia sufuria ya presha.

Wapishi: wana vyeti vya afya, vinavyofaa kufanywa upya kila miezi 6. Hoteli safi haioni haya kuvibandika ukutani.

Kunawa: angalieni kama kuna maji yanayotiririka na sabuni, na choo kiko vipi. Choo kinasema ukweli kuhusu jikoni.

Chakula chenyewe tunachopendekeza ni kile cha hapa: viazi vya moto, mukimo wenye minji, nyama ya kondoo, ugali wa wimbi na mursik. Mkinunua mursik, nunueni kwa mama mnayemjua, anayechemsha maziwa kabla ya kuyaweka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa senetwet. Pesa zikibaki kwa mama huyo, zimebaki kijijini.

Sasa tunarudi kwa lile swali la kwanza. Kila mtu hapa anajua hoteli ambayo "ni ya watu fulani", ingawa hakuna kibao kilichoandikwa hivyo. Hoteli tunayoipendekeza kuliko zote ni ile ambayo mursik na mukimo zinauzwa pamoja, wahudumu wanasalimia kila mtu kwa Kiswahili, na mkiingia hakuna anayenyamaza ghafla. Kama kuna hoteli ya namna hiyo karibu nanyi, mpelekeni mwenyewe biashara, hata kama chai yake imezidi kwa shilingi 5. Na kama hakuna, basi siku ya kikundi pikeni wenyewe: kila nyumba ilete sufuria moja, na watu wasikae na sufuria zao.

Uchaguzi unarudi kila baada ya miaka mitano. Watu waliozoea kucheka pamoja, kulia kwa filamu moja na kula kwa meza moja si rahisi kudanganywa juu ya jirani yao. Mazoea hayo hayapatikani mwezi mmoja kabla ya kura. Yanaanza sasa, kwa jioni moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wiki iliyopita tulisikiliza na kutazama nini nyumbani? Nani alichagua?

2. Je, kuna kipindi ambacho tunazima au tunapunguza sauti jirani fulani akiingia? Kwa nini?

3. Kati ya mapendekezo haya, tuanze na lipi mwezi huu? Ni watu gani wawili watakaotutazamia kwanza?

4. Ni hoteli gani hapa kwetu ambayo kila mmoja wetu anaweza kuingia na kukaa popote? Kama hatukubaliani, ni nini kinachotuzuia?